Ukoko wa Sufuria ya Bi Mize

Mnanichosha. Asubuhi mmeninyang'anya ndoo: "Bibi, umezeeka, pumzika." Mchana mmeninyang'anya mchi: "Bibi, kaa tu." Nimekaa. Sasa mnanizunguka kama kuku waliosikia mchele ukipepetwa: "Bibi, tutolee hadithi." Kumbe mikono ndiyo mliyoizeesha, mdomo bado mnautaka. Haya, sogeeni. Mwenye kusinzia akasinzie kwa mama yake.

Hapo zamani, katika mji mmoja wa wakulima wa karafuu, palikuwa na nyumba ya kupika halua. Mwenyewe akiitwa Suwedi. Nyumba aliirithi kwa baba yake. Kiburi alikitafuta mwenyewe. Lakini sufuria kubwa ya shaba haikuwa yake. Ilikuwa ya mama yake, Bi Mize, aliyopewa kwao siku alipoolewa.

Halua ya kweli haipikwi na mtu mmoja. Watu wawili husimama uso kwa uso, sufuria kati yao, kila mmoja na mwiko wake mrefu kama kasia. Asubuhi ni maji, sukari na wanga; unakoroga huku unasengenya watu. Jua likipanda, inaanza kuvuta. Ikifika samli ya mwisho, unakoroga kama unayemvuta ng'ombe topeni. Na huachi. Ukiacha, inashika chini, inaungua, na watu wanakunywa kahawa kavu, bila kitu kitamu.

Kwa hiyo babu yake Suwedi aliweka sharti: aliyeachia mwiko moto ukiwaka, ameachia kazi. Kesho asije.

Akaweka na ada nyingine, hii tamu. Halua ikishapakuliwa, ule ukoko unaobaki chini, wa samli na lozi, hupewa mtu mmoja tu, aliyeiokoa sufuria siku ile. Ukoko haugawanywi. Na aliyetia dosari huosha sufuria. Nyinyi mnajua kuosha vikombe tu. Sufuria ile mtu aliingia kiwiliwili, miguu ikabaki nje.

Mpishi mkubwa pale alikuwa Mzee Vuai. Alianza kazi Suwedi akiwa bado anabebwa mgongoni. Mwenzake wa ng'ambo ya sufuria alikuwa Shaame, mtu mnene, mchache wa maneno. Walikoroga, wakakoroga, wakakoroga, mpaka mabega ya Mzee Vuai yakaanza kumsaliti.

Wa kwanza kujua alikuwa Shaame. Wakorogaji wa sufuria moja hawafichani. Mwiko wa huyu ukilegea, wa yule unakuwa mzito. Halua ilipoanza kuvuta, Shaame alisukuma sehemu yake, akasukuma na ya mzee. Mzee Vuai alibaki ameshika mwiko tu, unakwenda naye, kama mtoto anayedhani anamwongoza punda.

"Mbona unavuja jasho hivyo?" Suwedi humwuliza Shaame.

"Moshi, bwana."

"Moshi unakuingia na mabegani?"

"Moshi wa leo mbaya."

Ikawa hivyo kutoka mavuno ya karafuu mpaka mavuno ya karafuu. Shaame usiku halali, bega limemvimba, mkewe anamkanda kwa maji ya moto na kumtukana.

Siku moja wakapika halua ya harusi kubwa. Samli ya mwisho imeingia, halua imekaza, wateja wamejaa mlangoni na vikapu vyao. Mzee Vuai akatazama ng'ambo ya sufuria, akaona bega la Shaame linatetemeka. Akajua. Akaachia mwiko.

Wateja wakasogea kutazama.

"Mzee," Suwedi akasema, "umeteleza?"

"Sikuteleza. Nimeachia. Tangu mwaka jana huyu anakoroga kwa watu wawili, na mimi nilikuwa najidanganya kuwa nina nguvu. Nikiendelea kushika, nitamuua."

Suwedi akakohoa. Ngoja niwaambie, mtu akikohoa kabla ya kusema, funga mlango. "Mzee Vuai," akasema, "wewe ni baba yangu. Lakini sharti ni sharti. Nitakupa kanzu mpya na shuka. Kesho upumzike."

"Nipumzike nifanye nini?"

"Ukae nyumbani."

"Nyumbani kuna nini? Mke wangu ni marehemu, na paka hanipendi. Sikukataa kukoroga, Suwedi. Nimekataa kukoroga mpaka mwisho. Siku ina asubuhi na ina adhuhuri. Nguvu za adhuhuri zimekwisha. Za asubuhi ninazo."

"Sharti halijui asubuhi wala adhuhuri."

Wakati huo Bi Mize alikuwa uani anachambua lozi. Akaingia na kigoda chake, akakiweka kando ya moto, akapiga ukelele mmoja: "Vuai, keti."

"Mama, sharti la babu..."

"Sharti la babu yako linasema habari za mwiko. Sufuria ni yangu. Vuai akitoka mlango huu leo, sufuria inatoka nyuma yake, na harusi ya watu wakapikie kwenye kofia yako. Halafu wewe umeshika sharti kwa mikono miwili. Mwiko kashika nani? Halua inashika chini."

Na kweli, Shaame alikuwa anahangaika peke yake, macho yamemtoka. Suwedi akakunja mikono ya kanzu, akaurukia mwiko wa Mzee Vuai. Akakoroga. Akakoroga. Watu hawajamaliza kustaajabu, viganja vimechubuka, mkono umekufa ganzi, na Suwedi, mjukuu wa mwenye sharti, akaachia mwiko.

Bi Mize akachambua lozi moja, taratibu. "Eti Suwedi, aliyeachia mwiko moto ukiwaka, babu yako alisemaje?"

Wateja wakacheka mpaka vikapu vikawaanguka.

Suwedi alikuwa na mawili: kumfukuza mzee na kujifukuza na yeye, au kulimeza sharti mbele za watu. Akalimeza. Nampa sifa yake, maana wapo wanaume wangemtafuta wa kumlaumu. Akaushika tena mwiko kwa viganja vile vile vinavyotoka damu, akasema: "Sharti limekwisha leo. Mzee Vuai, halua ingali nyepesi, koroga wewe. Ikikaza, nipe mimi. Hata nikiachia, nitaokota."

Ikawa hivyo. Mwanzo Mzee Vuai alikoroga mpaka halua ianze kuvuta. Mwaka uliofuata alikoroga yale maji ya asubuhi tu. Baadaye akawa anaketi kigodani, anatia iliki na kumkaripia Suwedi: "Unakoroga au unapunga mashetani?" Mwisho akawa anakuja Ijumaa kwa Ijumaa. Kazi ilimtoka kidogo kidogo, na yeye akaiaga kidogo kidogo, hata siku aliyosema "leo basi" hakuna aliyeshtuka, na yeye hakulia.

Siku hiyo wakampa ukoko. Mzee Vuai akaushika kwenye jani la mgomba, wa moto, unanukia zafarani. Akasema: "Ahsanteni. Mimi nimekula utamu wangu zamani; kuna watu waliambiwa wapumzike wakafa kabla ya shuka jipya kuchafuka. Ukoko huu nampa aliyenibakisha kazini. Lakini ni yupi?"

Shaame, yule asiyesema, siku hiyo akasema. "Mimi nilikubeba mwaka mzima. Bila bega langu usingefika hata siku ya kuachia."

"Bega lako lilimficha," Bi Mize akamjibu. "Mngeanguka nyote wawili ndani ya halua, tukawala. Mimi ndiye niliyetoa sufuria yangu na kumkosea adabu mwanangu mbele za watu."

"Mama, hukuitoa. Ulitisha kuitoa," Suwedi akasema. "Wewe ulitisha siku moja, mimi nimeshika mwiko wake kila siku tangu hapo. Tazama viganja."

"Nani aliyetaka kumfukuza?" mama yake akauliza.

"Mimi. Na nani aliyembakisha?"

Mteja mmoja, mwanamke wa kuuza vitumbua, akapiga kelele kutoka mlangoni: "Na yeye mwenyewe je? Angenyamaza kwa aibu, nyote mngepata wapi la kujisifia? Ale ukoko wake."

Wakabishana. Ukoko unapoa, Mzee Vuai ameunyoosha mkono, hajui ampe nani. Lililokuwa halina ubishi ni moja tu: dosari ilikuwa ya nani. Suwedi alikwisha vua kanzu, kashika majivu na kumbi la nazi, anangoja kuingia sufuriani, kama alivyoingia kila siku tangu harusi ile, na kama alivyoingia mpaka mwisho wa maisha yake.

Je, nani alistahili ukoko ule? Semeni upesi. Mtu yuko uchi wa mgongo, anangoja kuosha.