Bi Unaysa na Kuku wa Liwali

Imetufikia kutoka kwa watu wakweli waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa kando ya mto, mji wa nyumba za udongo na mashamba ya mitende, aliishi mjane mcha Mungu aliyeitwa Bi Unaysa. Hakuwa na mtu duniani ila mjukuu wake Lubaba, yatima wa baba na mama. Wala hakuwa na mali ila kibustani nyuma ya nyumba, chenye mkomamanga mmoja na matuta machache ya mboga, kimezungushiwa ukuta. Alikuwa mtu wa swala na saumu. Alikuwa pia mwoga, na hili msilisahau, maana sisi tukisimulia habari za waja wema huwafanya kana kwamba walizaliwa na nyoyo za mawe. Bi Unaysa akisikia mbwa anabweka mtaa wa pili, moyo ulimruka.

Mwaka mmoja mto ulifurika. Maji yalipoanza kupungua, Bi Unaysa alishuka ukingoni kuokota kuni zilizoletwa na mafuriko, akasikia sauti dhaifu kwenye matete. Kutazama, lo! Ni tenga la kuku, limenasa, nusu yake imeshazama, na ndani yake kuku wamebanana wakihema, vichwa tu ndiyo viko juu ya maji. Mto ule ulikuwa umekwisha kuchukua watu. Alitoa shahada kama mtu anayekwenda kufa, akaingia mpaka kifuani, akalivuta tenga mpaka nchi kavu huku meno yakigongana.

Aliwapeleka nyumbani, akawapangusa mmoja mmoja kwa shela lake, akawaweka karibu na jiko wapate joto. Wengine walikufa. Waliobaki walikuwa kuku wa ajabu, weupe pe, na manyoya yamewashuka miguuni mpaka kwenye vidole, utadhani wamevaa suruali. Haya, chekeni. Yeye hakucheka, kwa kuwa alijua kuku wa namna ile hawafugwi na masikini.

Sasa, ilikuwa desturi ya mji ule kwamba mwenye kuokota mali ya mtu husimama nje ya mlango wa msikiti watu watokapo kuswali, akanadi kwa sauti ya kumfikia aliye mwisho kabisa: aliyepotelewa na kitu fulani na aje anitajie alama zake. Bi Unaysa aliijua desturi hiyo, na alinuia kuitimiza. Lakini asubuhi ile ile aliyokuwa akijitayarisha kwenda, kuku mmoja akataga.

Na Lubaba alikuwa mgonjwa. Homa ilimshika kabla ya mafuriko, na ilipomwachia ilimwacha mifupa mitupu. Uji aliutapika, maziwa aliyatapika, hata maji yalimkaa kwa shida. Bibi yake alilikoroga lile yai kwa asali, akamnywesha kidogo kidogo, akakaa na bakuli mkononi akingojea litoke. Halikutoka. Mtoto alilala usingizi mzuri, na alipoamka akasema, "Bibi, nina njaa." Bi Unaysa alikuwa hajalisikia neno hilo tangu homa ianze. Alilia kwa furaha mpaka shela likalowa.

Msikitini alikwenda, hakukosa kwenda. Alisimama mlangoni, na wanaume wakatoka wakitafuta viatu vyao, huyu anacheka, yule anamwita mwenziwe. Bi Unaysa akafungua kinywa akasema, "Aliyepotelewa na kuku na aje anitajie alama zao." Lakini alisema kwa sauti ile tunayoitumia chumbani mtoto akiwa amelala. Hakuna aliyegeuka. Akarudi nyumbani upesi upesi, na njia nzima akijiambia: nimenadi, Mola wangu, nimenadi.

Kuku wakaendelea kutaga, naye Lubaba akaanza kukaa mwenyewe, kisha kusimama kwa kushika ukuta. Bi Unaysa aliwatengenezea kuku kibanda chini ya mkomamanga, akawagawia mabaki ya mboga na makapi, akaanza kuthubutu kushukuru.

Ndipo siku moja jirani yake Bi Hamama akaja kuomba kaa la moto, na kama kawaida yake habari zilimtoka kabla ya salamu.

"Dada, umesikia? Mzee Zuheri amefungwa."

"Zuheri gani?"

"Yule mchunga kuku wa Liwali. Kuku wenyewe ni wale wa kuletwa kutoka mbali, wenye manyoya miguuni. Mzee anasema tenga lilichukuliwa na maji, Liwali hasadiki. Kaulizwa, umewaiba? Kasema hapana. Umewauza? Hapana. Basi wako wapi? Akanyamaza! Hakutoa neno hata moja. Ijumaa hii baada ya swala atachapwa mijeledi uwanjani, mbele ya watu."

"Mzee yule?"

"Mzee yule. Kwa viboko vya Liwali, dada, alasiri haioni."

Kaa la moto likamponyoka Bi Unaysa. Na wakati huo huo, huko nyuma ya nyumba, kuku aliyekwisha kutaga akaanza kutetea, koo-koo-koo, kwa kelele za kutangaza yai lake kwa mji mzima.

"Ah! Umefuga kuku?" akauliza Bi Hamama.

Bi Unaysa alikimbilia kinu. Alichukua mchi akaanza kutwanga. Kinuni hamkuwa na kitu, lakini alitwanga kwa nguvu kama mwenye arusi kesho, mpaka jirani akajiokotea kaa lake akaenda zake huku akitikisa kichwa.

Tangu hapo aliishi roho juu. Kila kuku alipotetea, alikimbilia kinu kitupu akatwanga ili kelele zisisikike nje. Askari akipita kichochoroni, alijifungia mlango kwa komeo. Akisujudu, maneno hayakuja, alibaki paji la uso chini na ulimi mzito. Akiwaza kusema, aliiona mijeledi mgongoni mwake mwenyewe, akawaona kuku wanachukuliwa, akamwona Lubaba amelala tena na bakuli pembeni, na safari hii hakuna bibi wa kulishika. Akiwaza kunyamaza, alimwona mzee wa watu amefungwa kwenye nguzo. Masikini, hakuwa na upande wa kukimbilia. Alijaribu kujituliza kwa kusema, mimi nilinadi, sharti nimelitimiza, kosa ni la masikio yao. Maneno hayo yalimtuliza kwa muda wa kupika uji tu.

Ijumaa ikafika. Asubuhi kuku akataga, akaanza kutetea, na Bi Unaysa akaurukia mchi. Lubaba alikuwa amekaa kizingitini, jua likimpiga miguuni.

"Bibi," alisema, "kuku akipiga kelele hivi anafanya nini?"

"Anatetea, mwanangu."

"Anamtetea nani?"

Mchi ukabaki juu. Bi Unaysa alitaka kumweleza mtoto kwamba hilo ni neno tu, kwamba kuku hutetea bila kumtetea mtu, lakini alichelewa. Neno lilikuwa limekwisha kumwingia. Ndege asiye na akili anatetea kila asubuhi nyumbani kwake, na yeye aliyepewa ulimi anatwanga kinu kitupu ili sauti hiyo isisikike! Aliuweka mchi chini taratibu. "Astaghfirullah," alisema, akaenda kulileta tenga.

Alimpeleka Lubaba kwa Bi Hamama. "Nikichelewa," alisema, "mpe uji mwepesi, na usimlazimishe." Jirani alipomwona amejitwika tenga la kuku weupe wenye suruali, alishika mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na la kusema.

Msidhani hofu ilimtoka. Wako wasimulizi wanaosema kwamba alikwenda kwa moyo mkunjufu kama mtu aendaye karamuni. Mimi siwaamini. Alikwenda akiwa hana mate kinywani, na kila pembe ya mtaa nafsi yake ilimwambia rudi. Kuku nao walipiga kelele juu ya kichwa chake njia nzima, na watu wakatoka madukani kumtazama. Alifika uwanjani watu wamekwisha kujaa. Mzee Zuheri alikuwa amefungwa kwenye nguzo, mgongo wazi. Liwali alikuwa amekaa kitini, na kadhi wa mji ubavuni pake.

Bi Unaysa alilitua tenga. "Ewe Liwali," alisema, "kuku wako hawa hapa. Niliwatoa mtoni. Mzee huyu hana kosa."

Kadhi, aliyekuwa mtu wa huruma, akainama mbele. "Mama, kumwokoa mnyama si kosa, na kumlisha si kosa. Niambie jambo moja tu. Ulinadi?"

Alimtazama kama anayemwomba aseme ndiyo. Neno hilo moja lingemtosha, wala lisingekuwa uongo.

"Nilinadi, bwana kadhi," alisema Bi Unaysa. "Lakini nilinadi kwa sauti ya chini, nikimwomba Mungu mtu asinisikie. Nina mjukuu mgonjwa, na mayai ndiyo chakula pekee kilichokaa tumboni mwake. Sikutaka mwenyewe apatikane."

Liwali alisimama, uso umemwiva. Askari mwenye mjeledi akamtazama bwana wake, akingojea kuambiwa ageukie upande gani. Bi Unaysa akafumba macho.

Hapo Mzee Zuheri akapaza sauti kutoka kwenye nguzo. "Mama! Umekuja kufanya nini hapa? Yule mtoto umemwacha na nani?"

Kadhi akageuka polepole. "Zuheri," alisema, "mama huyu amesema mjukuu mgonjwa. Wewe umeuliza yule mtoto. Unamjua?"

Mzee akainamisha kichwa, akaona hakuna tena pa kujificha. "Namjua, bwana kadhi. Maji yalipopungua nilifuata ukingo wa mto nikiwatafuta kuku. Nikasikia wanatetea nyuma ya ukuta, nikachungulia. Nikamwona mtoto amekaa juani ananyweshwa yai, mifupa mitupu. Sikuwa na ruhusa ya kuwaachia, kuku si wangu. Nikasema nitakwenda kwa bwana wangu, nimwombe awaache mpaka mtoto apone. Kabla sijafika nikakamatwa."

"Nami nilikuuliza wako wapi!" alisema Liwali. "Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza, bwana, na askari wako wamesimama na mijeledi mikononi. Niliogopa utawatuma kwake."

"Na wewe, mwanamke? Siku zote hizi?"

"Hilo hilo, bwana," alisema Bi Unaysa, macho bado kayafumba.

Liwali akawatazama watu waliojaa uwanjani, watu aliowatawala miaka mingi na aliodhani wanampenda. "Mnaniogopa hivyo?" akauliza.

Hakuna aliyejibu. Wenye maduka walitazama miguu yao, askari walitazama miguu yao, hata kadhi alijishughulisha na ukingo wa joho lake. Liwali alingojea jibu, na kadiri alivyongojea ndivyo alivyolipata. Akashuka kitini, akaenda mwenyewe kwenye nguzo, akaanza kuzifungua kamba. Vidole vyake havikuzoea kazi ile, ikamchukua muda, na wakati wote huo Mzee Zuheri alitetemeka, maana hakujua bado kinachofunguliwa ni kamba tu au kuna jingine linakuja.

"Kuku ni wangu," alisema Liwali alipomaliza. "Mayai ni ya mtoto mpaka atakapoweza kukimbia. Zuheri atayapeleka. Na wewe mama, uliyoyafanya mlangoni pa msikiti ni baina yako na Mola wako."

Bi Unaysa alipoambiwa aende zake, miguu ilikataa. Wanawake walimshika huku na huku wakampeleka kwa Bi Hamama, na huko alimkuta Lubaba amemaliza uji na anauliza kama kuna mwingine.

Ndugu zangu, watu wakisimulia kisa hiki humsifu bibi kwa ukweli wake na mzee kwa subira yake, nao wanastahiki. Lakini mimi humfikiria Liwali. Waja wawili wema walikaribia kuangamia mjini mwake, na wote wawili walikuwa na ukweli wa kumwambia, na hapana aliyethubutu. Huenda tukadhani hayo ni ya wenye viti na askari, sisi hayatuhusu. Basi tutakaporudi majumbani mwetu leo, kila mmoja na atazame vizuri ni nani anayenyamaza yeye akiingia mlangoni.