Mtaro wa Mgeni Rasmi

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati miji ilikuwa ya wanyama na binadamu walikuwa bado wanazurura porini wakigombania matunda, palikuwa na mtaa mmoja ulioitwa Mteremkoni. Wakubwa walijenga juu, wadogo wakajenga chini. Mvua ikinyesha, kila kilichokuwa juu kilishuka chini: maji, maganda ya ndizi, kandambili zilizokatika na vyungu vilivyopasuka.

Juu alikaa Kiboko, mwenyekiti wa mtaa, pamoja na wajumbe wake wawili, Tembo na Nyati. Chini, mahali palipoitwa Bondeni, alikaa Nguchiro, muuza kahawa. Kila asubuhi Nguchiro alipanda mlima na birika lake hadi barazani kwa Kiboko, akawamiminia wakubwa vikombe vyao na kusikiliza mazungumzo yao. Alikuwa mdogo, mwembamba, na akili zake zilikuwa kali. Alilijua hilo mno, na hapo ndipo palipokuwa na kasoro yake.

Shida ya Bondeni ilikuwa mtaro. Wazee wa zamani walichimba mtaro mrefu kutoka juu kabisa, ukapita Bondeni, ukaingia mtoni. Lakini ulikuwa umejaa mchanga, mawe na takataka mpaka watoto walicheza mpira juu yake. Wadogo walijaribu kuuzibua wenyewe wakaumia kucha tu, maana mawe yale yalihitaji kifua cha Tembo na pembe za Nyati.

Basi kila masika maji yaliingia majumbani taratibu, yakipanda kutoka kwenye kizingiti hadi kwenye miguu ya kitanda. Watu wa Bondeni walibeba magodoro na watoto, wakaenda kuomba hifadhi kwa jamaa zao upande wa pili wa mji. Huko walisimangwa. Unakula umeinamisha kichwa, unalala ukumbini, na asubuhi unaulizwa utaondoka lini.

Kalunguyeye, jirani na shoga yake Nguchiro, alikuwa amejifungua mapacha. Shemeji zake walikwishamwambia masika yaliyopita kwamba asirudi kwao tena.

"Mwaka huu nitakwenda wapi na vitoto hivi?" aliuliza.

"Hutakwenda popote," Nguchiro akamjibu. "Mwaka huu mtaro utachimbwa."

"Na nani?"

"Na wakubwa wenyewe, shoga yangu. Tena watatoka jasho, na watashukuru."

Kalunguyeye akacheka mpaka miiba ikamsimama. Wakubwa walikwishaombwa mara nyingi. Kila mkutano Kiboko alisema suala hilo linashughulikiwa, na Nyati aliwalaumu watu wa Bondeni kwa uchafu, kana kwamba taka zilipanda mlima zenyewe na kushuka tena. Siku za usafi wakubwa walikuja na mafagio mapya, wakafagia mahali palipokuwa safi tayari, kisha wakaenda kunywa chai.

Asubuhi iliyofuata Nguchiro alipanda barazani na uso wa huzuni. Akamimina kahawa kimya. Kiboko akamuuliza ana nini.

"Sina kitu, Bwana Mwenyekiti. Ni mambo ya mtaa wa jirani tu."

"Mambo gani?"

"Nasikia Mfalme Simba atawatembelea. Anakwenda kuwa mgeni rasmi kwenye uzinduzi wa mtaro wao. Mwenyekiti wao, Chui, ameshashona kanzu mpya."

Kikombe cha Kiboko kikasimama hewani. Tembo akakunja masikio. Nyati akasema kwamba mtaro wa Chui hauwezi kuitwa mtaro, ni mfereji wa kuku tu.

"Ndiyo maana naumia," Nguchiro akasema. "Mtaro wetu ni mrefu kuliko wao. Ungekuwa umezibuliwa tu, Mfalme angekuja hapa. Nina mjomba wangu anafagia jikoni kwake. Neno moja la mjomba lingetosha. Lakini basi, tuwaache."

Hawakuwaacha. Kabla kahawa haijapoa, Nguchiro alikuwa ametumwa kwa mjomba ambaye hakuwepo duniani. Akaenda kwa binamu yake upande wa pili wa mji, akala, akalala, akanenepa kidogo, kisha akarudi akihema kana kwamba amekimbia njia nzima. Mfalme amekubali, akasema. Atakuja kuuzindua mtaro wa Mteremkoni kabla ya masika. Ila ana tabia moja: hapendi kabisa kuona maji yaliyotuama.

Mgeni rasmi, wanangu! Mnajua mtaa unavyokuwa mgeni rasmi akitajwa. Mashimo yaliyokaa miaka yanafukiwa kwa siku moja. Kamati ya maandalizi ikaundwa, na kamati ndogo ya kuiangalia kamati. Mawe ya kando ya njia yakapakwa chokaa. Tembo akashuka mtaroni akang'oa mawe, gudu, gudu, gudu. Nyati akachimba kwa pembe, mchanga ukiruka. Hata Kiboko mwenyewe alivua koti akasukuma matope kwa tumbo.

Watu wa Bondeni walitazama kutoka chini, wakiminya vicheko. Jioni walikaa nyumbani kwa Nguchiro wakamwigiza Nyati alivyokuwa akihema. Nguchiro akawaambia wote maneno yale yale: mwaka huu hakuna kuhama.

Kazi ilipokaribia kwisha, Nguchiro akaenda kuiangalia. Kutoka juu mtaro ulikuwa umenyooka, safi, pande zote umesakafiwa kwa mawe. Ulipita uwanja ambapo turubai lilikuwa linafungwa. Halafu ukafika kwenye kona, ukaisha. Mchanga wote na mawe yote yaliyotolewa yalirundikwa pale pale konani, juu ya mtaro wa zamani uliokwenda Bondeni. Na juu ya kilima kile walikuwa wamepanda maua.

Nguchiro akamkimbilia Kiboko.

"Bwana Mwenyekiti, mtaro haujafika mtoni."

"Meza kuu itakuwa pale," Kiboko akasema, akionyesha kwa mdomo. "Itatazama juu. Mgeni ataona mtaro wote mpaka kwenye maua. Baada ya maua aone nini?"

"Mjomba amesema Mfalme anataka kwenda Bondeni."

Kiboko akacheka kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Wageni wote rasmi husema hivyo. Tutamwambia muda umetubana."

Nguchiro akatafuta uongo mwingine kichwani, asiupate. Alikuwa amewaambia kwamba mgeni atatazama. Basi walikuwa wamechimba hadi mwisho wa macho yake, wala si hatua moja zaidi.

Akashuka nyumbani. Kalunguyeye alikuwa mlangoni akiwaanika mapacha wake juani. Akamuuliza kama mtaro umekwisha.

"Umebaki kidogo tu," Nguchiro akasema. "Wewe tulia."

Hapo ndipo ninapomchukia Nguchiro, wanangu, ingawa nimewahi kumpenda sana. Angeweza kusema kweli. Angeweza kuwaambia wenzake kwamba hila imefika nusu ya njia, wafunge mizigo, wakasimangwe mwaka mmoja tena. Lakini walikuwa wamemsifu mno. Akajiambia kwamba masika bado, kwamba sherehe ikipita atatunga habari nyingine, labda Malkia naye anapenda kutembea bondeni. Tayari alikuwa anaipanga.

Siku ya uzinduzi ikafika. Viti vikajaa chini ya turubai, ngoma zikalia, utepe mwekundu ukafungwa juu ya mtaro. Nguchiro alipita na birika lake katikati ya wakubwa. Walisubiri. Jua likapanda, likaanza kushuka, na kiti cha mgeni rasmi kilikuwa kitupu. Moyoni Nguchiro alikuwa na hofu na furaha pamoja. Alitaka kuona sura ya Kiboko pale atakapojua kwamba amechezewa.

Kiboko akainuka. Akashika kipaza sauti, akakohoa.

"Ndugu wananchi," akasema, "Mheshimiwa Mfalme amepata udhuru. Amenituma mimi nimwakilishe. Anasema anaupenda sana mtaa wetu."

Makofi yakalia. Kiboko akamtupia Nguchiro jicho moja, wala halikuwa na hasira. Kisha akakata utepe, kwa niaba ya mgeni ambaye hakuwahi kualikwa, akijibu ujumbe ambao haukuwahi kutumwa. Nguchiro akatambua kwamba wapo waliomzidi kwa uongo, na wao hawakuwa na haja ya kujificha.

Wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima tangu mchana. Masika ya mwaka ule hayakungoja mtu. Mvua ikashuka kwa kishindo, turubai likatikisika, na wakubwa wakasogeza viti katikati.

Maji yakaingia mtaroni. Shwaaa! Hayakukwama popote. Yalipita mbele ya meza kuu kwa kasi, meupe kwa mapovu, wala tone halikumwagika njiani.

"Mnaona?" Kiboko akasema kwenye kipaza sauti. "Haya ndiyo maendeleo."

Wakasimama wote wakayapigia maji makofi. Nyati akasema tangu azaliwe hajaona maji yakienda haraka namna ile. Hakuna aliyeuliza yanakwenda wapi. Chini ya turubai lile alikuwepo mmoja tu aliyewaza hilo, na huyo aliliangusha birika akatoka mbio.

Yalipofika konani, maji yaligonga kile kilima cha mchanga, yakakivunja, yakakibeba na maua yake, yakateremka Bondeni kwa mkupuo. Miaka yote maji yalikuja taratibu, mtu akapata muda wa kukunja godoro. Siku ile yalikuja kama mlango unaopigwa teke.

Nguchiro alimkuta Kalunguyeye juu ya ukuta wa choo, amelowa, anatetemeka. Kifuani alikuwa amekumbatia mtoto mmoja. Nyumba yake haikuwepo. Nguchiro akaruka majini, akatafuta kwenye vichaka na chini ya mabati, akaita mpaka sauti ikakauka. Yule pacha mwingine walimpata mvua ilipokatika, karibu na mto, wakamfunika kwa khanga. Huko juu ngoma zilikuwa zimeanza tena.

Kesho yake Kiboko alishuka kutoa pole. Alikuja na mfuko wa unga, akavua kofia, akasimama mahali pakavu. Alisema msiba huo ni wa mtaa mzima. Halafu akauliza, kwa sauti ya huruma kabisa, kwa nini mwaka huu watu wa Bondeni hawakuhama kama miaka mingine.

Akauacha ule unga. Akarudi juu.

Walipobaki peke yao, Kalunguyeye akainua macho.

"Shoga, yule mgeni alikuwepo?"

Nguchiro alijibu kwa shida. "Hakuwepo."

"Hilo nililijua tangu siku ya kwanza. Bondeni nzima tulijua, tukacheka." Akamweka vizuri mtoto aliyebaki. "Nilidhani unawadanganya wao peke yao."

Kalunguyeye akamgeuzia mgongo, akaendelea kunyonyesha.

Hadithi yangu imeishia hapo yalipoishia maji, na funzo lake ni hili: ukiwachezea wakubwa, usimfiche mwenzako ukweli, kwa maana yeye ndiye anayelala kwenye njia ya maji.