Bi Nungu Mpika Maandazi

Paukwa!

– Pakawa!

Mbona sauti za njaa? Paukwa!

– Pakawa!

Haya, sogeeni. Na wewe Mwanakheri, acha kumfinya mwenzio.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na soko lao, Bi Nungu alipika maandazi. Alikuwa mjane, ana watoto wanne, na asipouza hawali. Miiba yake ilidondoka kwenye unga, kwa hiyo alimwajiri Ngiri amkandie. Ngiri alijua kukanda, jamani!

Unga ukapanda bei. Bi Nungu akaogopa kupandisha yake, wateja wasije wakamkimbia. "Ngiri, kata madogo." Ngiri akakata madogo. Watu wakanung'unika, wakanunua.

Mafuta yakapanda. "Ngiri, kata madogo zaidi. Na ujira wako, utachukua nusu."

"Mama, na mimi nina watoto."

"Hali ngumu, mwanangu. Nifanyeje?"

Ngiri akakata madogo zaidi.

– Madogo kama nini, bibi?

Kama gololi! Unameza hujatafuna.

Sukari nayo ikapanda. Bi Nungu akaenda kwa Kobe, mshona viatu. Akawakuta wenye maduka wote wamekaa, wameshika tama.

"Mwenzenu nimeshindwa. Nyinyi mwafanyaje?"

"Tumewapunguza wafanyakazi," akasema Kobe. "Hata wewe, mpunguze Ngiri wako."

Bi Nungu akarudi, akapiga moyo konde. "Ngiri, kesho usije." Ngiri akajifuta unga mikononi, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Bi Nungu alilia, lakini hakumwita.

Asubuhi akakanda mwenyewe, akachomoa miiba, akapika, akangoja. Jua likapanda. Hakuja mtu hata mmoja. Akamwendea Kobe mbio.

"Wateja wangu wako wapi?"

"Wateja gani, Bi Nungu? Waliokula maandazi yako ni wafanyakazi wangu. Walionunua viatu vyangu ni akina Ngiri. Tumewafukuza wote."

Masikini Bi Nungu! Akakimbia hadi kwa Ngiri amrudishe. Mlango wazi, ndani hamna hata chungu. Ameshahama na wanawe, na jirani hajui alikoelekea.

Akarudi nyumbani. Watoto wanne wakamzunguka: "Mama, leo umeuza?" Akawagawia maandazi yaliyopoa. Kesho yake hakuwa na unga.

– Bibi, Ngiri akarudi?

Hakurudi. Basi mkiwa na maduka yenu, jueni: huyo unayemfukuza ndiye mnunuzi wa mwenzako, na anayefukuzwa na mwenzako ndiye wako. Hadithi yangu imefika hapo, na mimi sina cha kuongeza.