Mawe Manne ya Mzee Ambakisye

Ukiinua gari, usishushe mawe. Ndivyo bibi yenu Tusekile alivyomwambia Lugano asubuhi hii, Lugano alipotangaza kwamba, kwa kuwa sasa ni mkuu wa shule huko mjini, hana haja tena ya kuja kulima viazi wakati wa likizo. Lugano akacheka akasema yeye hana hata baiskeli, sembuse gari. Nanyi mkacheka. Sasa mmenijia mnataka kujua methali hiyo imetoka wapi. Mmefika penyewe, maana imetoka kwangu, na kila nikiisikia huinamisha uso. Kaeni basi, niwaeleze ilivyoanza.

Nilipokuwa kijana nilinunua pikapu, ya kwanza kumilikiwa na mtu wa kijiji hiki. Ilikuwa pikapu ya kusukuma nyuma tu. Injini ilizungusha magurudumu mawili ya nyuma, na ya mbele kazi yake ilikuwa kuelekeza njia. Magari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, yale tunayoyaita foo wili, yalikuwa ya watu wa idara ya misitu, na yalipanda milima yetu hii ya Uporoto hata mvua inyeshe vipi. Langu lilikuwa likifika kwenye utelezi linakata mauno palepale.

Baba yangu, mzee Ambakisye, alikuwa mchongaji wa mawe ya kusagia. Hakuwahi kushika usukani, lakini alilizunguka gari lile mara mbili akalielewa.

"Lina miguu minne lakini linatembea kwa miwili," akaniambia. "Na hiyo miwili iko nyuma, ambako hamna kitu. Mguu usio na uzito hausukumi, mwanangu. Unateleza."

Akaenda mtoni, akachagua mawe manne meusi, akayachonga wiki nzima mpaka yakalala sawasawa nyuma ya pikapu, juu ya ekseli. Kila jiwe lilibebwa na watu wawili. Tangu siku hiyo gari likapanda. Lilipanda polepole na kwa kelele, lakini lilipanda. Dada yangu Tusekile, alipokuwa bado msichana, alikuwa akienda sokoni amekalia mojawapo, kikapu mapajani.

Watu hawakosi la kusema. Wakanitania, "Anyosisye, abiria wako hawa wa mawe hawateremki?" Wanunuzi wa viazi waliniuliza kama mawe nayo yanalipa nauli. Nilicheka nao, lakini moyoni niliona aibu, na aibu ya kijana ni mshauri mbaya. Miaka ilipita, mfuko ukajaa kidogo, nikalipeleka gari Mbeya kwa fundi mmoja aitwaye Sichone.

Sichone aliliinua. Aliweka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi, akafunga shokapu ndefu, akakata bodi kidogo ili ziingie tairi kubwa zenye meno. Alipomaliza, ilinibidi nishike mlango nijivute ndipo nipande. Nilijiona mkubwa kuliko mkuu wa mkoa.

"Sikiliza," fundi akasema huku akifuta mikono. "Nimekupa kimo, gari lisigonge tumbo kwenye mawe ya njiani. Nguvu ni ileile, ya nyuma. Tena likiwa juu hivi linayumba upesi. Kwenye matope usiliendeshe tupu."

"Sawa, sawa," nikamjibu, na funguo ziko mkononi tayari.

Nilipofika nyumbani nikawaita vijana wawili, tukayashusha yale mawe. Baba alikuwa mlangoni.

"Mawe yangu yamekosa nini?" akauliza.

"Tata, gari hili sasa ni refu. Halihitaji mawe."

Baba akatoka mlangoni. Aliyasukuma moja moja kwa mtaimbo mpaka ukutani mwa jiko, akayapanga vizuri. Kazi ile ilimchukua mchana wote, na mimi sikumsaidia.

Ulikuwa wakati wa kiangazi, kwa hiyo nilitamba. Nilipita kila mahali, nikawa nawaambia watu hili sasa ni foo wili, nikaanza kuamini mwenyewe uongo wangu.

Sasa niwaambie habari za Tusekile. Alimkataa mume aliyechaguliwa na baba, akaolewa Mbeya na mtu aliyempenda. Baba alisema mbele ya watu, "Usikanyage kwangu mpaka niwe nimekufa." Miaka kumi na moja dada hakukanyaga. Kwetu neno la namna hiyo halipotei lenyewe. Baba aliyelisema hukiri hasira yake yote, akatia maji kinywani, akampulizia mtoto maji yale, ndipo neno linaisha. Mwingine hawezi kulifuta kwa niaba yake.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, baba akaugua. Alfajiri moja akaniita kitandani. Kando yake mama alikuwa ameweka kikombe cha maji, amekifunika kwa sahani.

"Kamlete Tusekile," akasema. "Nimechoka kulibeba lile neno. Liondoke kabla yangu."

Nilitoka mbio. Nilikuwa nimeshawasha injini aliponiita tena kupitia dirishani, kwa sauti ndogo.

"Anyosisye! Umepakia mawe?"

Mawe yalikuwa ukutani, hatua ishirini kutoka niliposimama, yamelowa mvua. Kuyapakia kungehitaji kuamsha watu. Na nitawaambia ukweli wote, wajukuu zangu: niliona pia kwamba kuyarudisha ni kukubali kuwa nilikosea.

"Nimepakia, tata," nikajibu.

Mbeya nilifika salama, maana kwenda ni kuteremka. Dada hakuuliza swali. Alifunga kanga, akapanda. Saa nne tulikuwa tumeshaiacha lami, tumefika chini ya mlima wa mwisho, ule wenye kona mbili, na juu yake moshi wa jiko letu unaonekana.

Hapo ndipo gari refu lilipotukwamisha. Meno ya tairi yalijaa udongo, nyuma ikawa nyepesi, magurudumu yakazunguka bila kusogea. Nikakanyaga mafuta. Mkia ukateleza kando, gari likaegemea ukingo, karibu kupinduka. Tulikata majani, tukachimba kwa mikono, nikajaribu tena na tena. Dada akaenda kuchungulia nyuma.

"Yako wapi mawe ya baba?" akauliza.

"Niliyashusha."

"Kwa nini?"

"Nililiinua gari, dada."

Aliziangalia zile tairi, akaniangalia mimi. Kisha akavua viatu, akaanza kupanda mlima kwa miguu huku akikimbia na kuanguka.

Baada ya muda mrefu walipita wanawake sita waliotoka shambani. Nikawasihi wakapanda nyuma, wakakaa juu ya ekseli pale pale palipokuwa na mawe. Gari likapanda. Halikusukumwa wala halikuvutwa, lilipanda kana kwamba hapakuwa na tatizo lolote. Sijawahi kuona aibu kama ile. Tulimkuta dada kwenye kona ya pili, amelowa tope mpaka shingoni, tukampakia.

Tulipoingia uani tulisikia kilio.

Mama alitupokea mlangoni. Alisema baba alikata roho muda mfupi tu uliopita. Mama alikuwa amehangaika kwamba tumechelewa, na baba ndiye aliyemtuliza. "Watafika tu," alimwambia. "Wana mawe." Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho.

Kikombe kilikuwa palepale, na sahani juu yake.

Tusekile alikanyaga kwa baba yake baba akiwa amekufa. Neno lile likatimia kama lilivyosemwa, siku ileile mwenyewe alipotaka kulifuta, na aliyelitimiza ni mimi. Dada alitoka nje, akayaona mawe ukutani, akakaa juu ya lile alilokuwa akilikalia zamani. Nilimsogelea nikitaka anitukane, maana ingekuwa nafuu. Akaniambia taratibu tu:

"Mdogo wangu, ukiinua gari, usishushe mawe."

Hajaniambia jingine kuhusu siku ile, mpaka leo. Watu waliokuwa msibani walilisikia, wakaondoka nalo, na sasa linasemwa na hata wasiojua kwamba palikuwa na gari.

Kesho yake niliyapakia mawe yote manne, nikayabeba mpaka gari lilipokufa. Sasa ni viti vya hapa uani. Lugano, hilo ulilokalia ndilo la Tusekile. Inuka, umpelekee bibi yako jembe, umwambie umeisikia vizuri: ukiinua gari, usishushe mawe.