Mbegu Shavuni mwa Panya Buku

Paukwa!
Pakawa!
Aa, hizo sauti za wenye njaa. Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale alikuwapo Panya Buku, mlaji hodari. Alizaliwa ndani ya kihenge cha mahindi, akakulia humo, akanenepea humo. Shamba hakulijua. Aliyelima ni shangazi yake, Fuko.

"Buku, chakula hutoka wapi?" Shangazi alimuuliza.

"Kwenye kihenge!" Akaendelea kula. Kwaru, kwaru, kwaru!

Kihenge kikaisha. Buku akatazama juu. Juu ya meko yalining'inia mahindi sita, yamekolea moshi. Kumbe ndiyo mbegu! Yeye hana habari. Akapanda, akaguguna. La kwanza, la pili, mpaka la sita. Punje za mwisho akazisunda mashavuni, mashavu yakatuna.

Gudu! Gudu! Ngurumo hiyo. Shangazi Fuko akaingia mbio. "Mvua imekuja! Tupande!"

Akapapasa juu ya meko. Patupu. Akaketi chini, akalia. "Nani ameula mwaka wetu?"

Njaa ikamwambia Buku, meza! Meza, hakuna atakayejua! Lakini Shangazi alilia, naye Buku alimpenda.

"Buku, mbona kimya?"

Angesemaje, mdomo umejaa? Akainama. Ptu! Ptu! Ptu! Punje ishirini zikaanguka kiganjani mwa Shangazi.

"Ni mimi, Shangazi. Nisamehe."

Shangazi akafuta machozi. "Haya, jembe lile pale. Leo utalijua shamba."

Buku akalima, mgongo ukamlia ka! Akapanda, akafukia. Kesho yake akauliza, "Shangazi, zimeota?"

"Bado."

Kesho kutwa: "Zimeota?"

"Mvumilivu hula mbivu, we mtoto!"

Zikaota. Akapalilia. Akafukuza kunguru, usha! usha! Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mahindi yakakomaa.

Shangazi akamchomea la kwanza. Buku akatia punje mdomoni. Hakumeza. Akaiweka shavuni, akafumba macho.

"Shangazi, hii ina mvua ndani yake! Ina udongo. Ina hata mgongo wangu!"

Shangazi akacheka mpaka akakaa chini.

Tangu siku hiyo Panya Buku hutia chakula shavuni kwanza, akakiuliza: wewe, umetoka wapi? Nasi, wana wangu, tujue chakula chetu kilikotoka. Ajuaye hukiheshimu, wala hali mbegu yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye punje shavuni, sasa ameze.