Kanze na Nyota Iliyopasuka

Mwanamke mmoja alikuwa na siku moja katika mwaka asiyoipenda, nayo ni siku aliyozaliwa. Jina lake Kanze. Mama yake alifariki akimzaa, hata kumnyonyesha hakuwahi. Akalelewa na mama yake mdogo, Sidi, akasomeshwa, asikose kitu. Lakini siku hiyo ikifika, Kanze alikwenda kaburini, akang'oa magugu, akamwomba mama yake msamaha kwa kuzaliwa. Kisha akashinda na njaa.

Kazi yake ilikuwa maabarani. Msigune, hata huko yamo mafundisho. Nyota kubwa ikifika mwisho wake hupasuka, na katika kupasuka huko vitu vipya hufanyika. Nyota haishikiki, wala haingii kwenye chupa. Kwa hiyo Kanze na wenzake walichukua chembe ndogo mno, wakazirusha kwa mashine zikagonge chembe nyingine, wapime hatua moja tu ya ule mpasuko: zikigongana, ni mara ngapi huungana zikawa kitu kipya?

Walipima wee, wasione kitu. Vyombo vya kupimia walikuwa wamevipanga pembeni, kunakorukia vipande vya chembe zilizovunjika, kwa maana Kanze aliamini kwamba penye mpasuko cha kutazamwa ni kilichovunjika. Ndivyo alivyoishi, ndivyo alivyopima. Wenzake wakaanza kukata tamaa, na wakubwa wakasema mashine itapewa wengine.

Siku yake ikawadia. Akaenda kaburini kama kawaida, na safari hii Sidi akamfuata, jembe mkononi. Akasimama akimtazama anavyolia. Uvumilivu ukamwishia mama wa watu, kwani aliyelala pale alikuwa dada yake, na mikono yake ndiyo iliyompokea mtoto. Akasema, "Wewe mtoto, kila mwaka unalilia alichopoteza dada yangu; na alichotuletea je, mbona hukitazami?"

Loo, neno lilimwingia! Alirudi kazini nalo, akala nalo, akalala nalo. Hata asubuhi moja akaviondoa vile vyombo pembeni, akavipeleka mbele, kule kule zinakoelekea chembe zinazorushwa, akaweka na sumaku za kuzitenga na kitu kipya kinachozaliwa. Kilichozaliwa kikaonekana. Kimoja, kisha kingine, haba kama matone ya kwanza ya mvua, lakini hakika. Siku zote kilikuwa kikipita mbele yao, kikifuata njia ile ile ya kilichokizaa. Wenzake walishangilia. Kanze alikaa chini akalia, na kilio hicho hakikuwa kile cha kaburini.

Mwaka uliofuata alikwenda tena. Aling'oa magugu, akamshukuru mama yake kwa sauti hata majirani wakasikia, kisha akakaa na Sidi hapo hapo wakala mahamri na mbaazi za nazi. Akamweleza kwamba chuma kilichomo katika damu yao kilifanyika ndani ya nyota zilizopasuka kabla dunia haijakuwako. Sidi alisema amina, akamwongezea mbaazi.

Nanyi mnaosikia, hakuna mmoja wenu aliye hai pasipo mtu aliyejitoa kwa ajili yake. Mtamwomba msamaha mpaka lini, naye alistahili asante?