Mbu na Jembe la Siku ya Tatu

Paukwa!
— Pakawa!
Itikieni vizuri, nyie wa huko nyuma mnaojikuna. Paukwa!
— Pakawa!

Hapo kale alikuwapo Bi Mwanahija, akiishi na mjukuu wake Subira. Mama yake Subira alikwisha kufa, na bibi hakuwa na mwingine duniani ila mtoto huyo.

Bi Mwanahija alikuwa mkarimu, tena wa kujisifu. "Kwangu hafukuzwi mgeni," alisema. "Siku mbili atakula na kulala. Ya tatu nampa jembe, twende shamba."

Mvua zikanyesha. Mbu akaja.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mgeni. Unataka nini?"

"Maji kidogo tu, nilaze wanangu."

"Kifuu kile pale uani."

Mbu akataga kifuuni. Siku ya pili jioni akaaga. Bibi akafurahi: mgeni ana adabu huyu!

Kuku wake wa pale uani akasema, "Bibi, bibi, hesabu vizuri!"

"Nyamaza. Mgeni si ameondoka?"

Kesho yake, "Hodi wenyewe!" Mbu huyo. Akapewa chungu kibovu. Siku mbili, akaaga.

"Bibi, bibi, hesabu vizuri!"

"Nyamaza, Kuku."

Kesho yake, "Hodi wenyewe!" Akapewa dimbwi nyuma ya jiko. Siku mbili, akaaga.

"Bibi, bibi, hesabu vizuri!"

"Nyamaza, nisije nikakutia mchuzini!"

Kuku akanyamaza. Nani anataka kuwa mchuzi?

Basi watoto wa kifuuni wakaota mabawa. Wakafuata wa chunguni, wakafuata wa dimbwini. Wote wakamwendea Subira. Hazikupita siku nyingi, mtoto akashikwa na homa, meno yanagongana, hata uji hauwezi. Bibi akalia sana.

"Kuku, nimekosa wapi?"

"Mama alihama, watoto walibaki. Ulihesabu siku za mama. Za watoto alizihesabu nani?"

Bibi akajifuta machozi, akaenda uani. Kifuuni mlikuwa na viluwiluwi wapya, wanajinyonganyonga.

"Nyie mna siku ngapi hapa?"

"Leo ya tatu, bibi."

"Haya, jembe hili."

"Sisi hatuna mikono!"

"Basi nitalishika mimi."

Akakipindua kifuu, maji pwaa! Akakivunja chungu, akafukia vigae. Akalijaza dimbwi udongo, akalishindilia. Mtungi wa kunywa akaufunika kawa. Subira akanyweshwa dawa, akatoka jasho, siku ya tatu akaomba uji. Bibi akalia tena, safari hii kwa furaha.

Mbu akarudi. "Hodi wenyewe!"

"Karibu, mgeni. Jembe lako lile pale."

Mbu mbio! Tangu hapo hapigi hodi tena. Huja sikioni akinong'ona, anauliza kama mwenye jembe yupo.

Ngano yangu imekauka kama kifuu cha Bi Mwanahija. Ukimkaribisha mgeni, hesabu na anaowaacha nyuma. Na nyie mnaojikuna, msinitazame mimi. Nendeni mkatazame vifuu vyenu.